Asilimia 30: kisa cha laptopu iliyouzwa bila ufunguo wake

Jumatano ya tarehe 11 Juni 2025, saa 3 asubuhi, laptopu ya steshenari moja ya Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, iliandika kwenye skrini kwamba inafanya masasisho, imefika asilimia 30, isizimwe. Dukani walikuwa wamesimama wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu, kila mmoja na marekebisho ya ripoti yake ya utafiti. Mwisho wa kukabidhi ulikuwa Ijumaa saa 10 jioni. Ripoti zao zote nne zilikuwa ndani ya laptopu hiyo, pamoja na nyingine kumi na tisa za wenzao.

Mimi niliitwa kesho yake mchana. Natengeneza kompyuta hapa Dodoma, na kwa mambo ya namna hii huwa naitwa mtu wa tatu au wa nne, baada ya mwenye mali, msaidizi wake na jirani anayesemekana anajua kompyuta kuwa wameshajaribu. Mama mwenye duka ameniruhusu nieleze yaliyotokea bila kumtaja. Nayaeleza kwa urefu kwa sababu kila niliyemsimulia alinijibu vilevile: hizo apdeti ni balaa, zizimwe zote. Nimekipitia kisa hiki hatua kwa hatua na sikubaliani nao. Sasisho lilikuwamo, ndiyo. Lakini lililomfungia mama yule kazi ya miezi minne lilikuwa jambo jingine, na lilikuwa limeshafanyika tangu siku aliyonunua mashine.

Laptopu isiyojua usiku

Ni laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Aliinunua Februari kwa muuzaji wa Dar es Salaam waliyewasiliana kwa simu, ikaletwa na basi. Muuzaji alimhakikishia kuwa inakubali Windows 11, na hapo alisema kweli, maana Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha inayokubalika inaanzia, karibu yote, kizazi hicho cha 8. Kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikuwa unakoma tarehe 14 Oktoba 2025, lilikuwa chaguo la mtu aliyefikiri.

Lakini tazama inavyoishi. Mama anaifunga jioni, anaitia mkobani, anarudi nayo nyumbani kwa kuogopa wezi, anaifungua asubuhi wateja wakiwa mlangoni. Intaneti yake ni hotspoti ya simu: anaiwasha mteja anapotaka kutuma barua pepe au kujaza fomu, kisha anaizima bando lisiishe. Mwaka 2022 Microsoft walieleza kwamba kompyuta inahitaji walau saa 2 mfululizo ikiwa imewaka na iko kwenye intaneti, na saa 6 kwa jumla tangu sasisho litolewe, ndipo isasishwe kwa uhakika. Kwa hotspoti ya dakika kumi leo na kumi kesho, saa 6 hizo hazitimii kirahisi.

Jumanne usiku zilitimia. Kwa sababu ya ripoti, kijana wa dukani alikesha akichapa, na mwanafunzi mmoja mwenye bando kubwa akawaachia hotspoti yake hadi saa 8 usiku. Jumanne hiyo ilikuwa ya pili ya mwezi. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Ukizihesabu kwa saa zetu, mwezi Juni ni saa 2 usiku. Kwa hiyo laptopu ambayo tangu Februari haikuwahi kupata usiku mmoja wa intaneti, ilipata wa kwanza saa zile zile mzigo mpya ulipotolewa. Ikabeba wote.

Asubuhi kijana akaiona imekuwa nzito. Akafanya anachofanya kila mtu: akaamua kuiwasha upya. Kwenye ile alama ya kuzimia palikuwa na kinukta kidogo cha rangi ya chungwa. Kinukta hicho kinasema kwamba kuna sasisho linasubiri, na ukiwasha upya utalikaribisha. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Dakika arobaini

Asilimia zikapanda haraka hadi 30, zikasimama. Kijana anasema alingoja dakika arobaini, na wanafunzi waliokuwapo wanamuunga mkono. Ukijaribu kusimama nyuma ya kaunta dakika arobaini huku wateja wanne wakikutazama usoni, utaona kwa nini mkono wake ulikwenda kwenye kitufe. Akakibonyeza na kukishikilia mpaka mashine ikazima.

Ile namba si saa. Haisemi muda uliobaki, inasema ni hatua ngapi zimepitwa, na hatua hazilingani. Moja inaweza kuisha kwa sekunde tatu na inayofuata ikala nusu saa, hasa kama diski inakaribia kujaa au mafaili ya kubadilisha ni mengi. Wakati namba imesimama, ndani mashine inaondoa mafaili ya zamani ya mfumo na kuweka mapya, ikiandika kila inachofanya ili ikikwama iweze kurudi nyuma. Kwa sababu ya maandishi hayo, kukatika kwa umeme katikati ya sasisho mara nyingi hakuui kompyuta: ukiiwasha tena inatambua kazi haikuisha, inafuta mabadiliko na kurudi ilikokuwa. Hiyo nayo inachukua muda, na nayo ina skrini inayosimama.

Kijana alipowasha akaona skrini nyingine imesimama. Akazima. Akawasha. Akazima. Windows imetengenezwa hivi: ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, mara inayofuata inafungua yenyewe mazingira ya ukarabati. Skrini ya ukarabati ilipotokea, wote dukani wakaamini imekufa.

Nataka nisimame hapa. Mpaka hapo hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika. Nina uhakika na hilo kwa sababu siku ya pili yake niliiona mashine ile ile ikimaliza kurudi nyuma na kuwaka vizuri. Kama siku hiyo ya Jumatano ingeachwa kwenye chaja na kila mtu akaenda kunywa chai, ingekuwa imesharudi kabla ya saa 6 mchana. Kilichofuata ndicho kilichofunga mlango.

Kuipiga Windows

Aliitwa mwanafunzi mmoja wa hosteli za jirani, kijana mwenye nia njema, akaja na flashi ya kuipiga Windows upya. Flashi ikakataa kuwaka. Akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, akazima ile kinga inayokagua kama mfumo unaotaka kuwashwa ni halali. Bado. Akapita menyu moja baada ya nyingine akakuta palipoandikwa kufuta TPM, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akakubali. Nilipomuuliza baadaye alifikiri inafanya nini, alinijibu kwa adabu: "Nilidhani ni kama kuisafisha, kaka."

Laptopu ikawaka na skrini ya buluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48.

Akashauri waifomati. Hapo ndipo mama mwenye duka aliposema neno lililookoa kila kitu: "Mwanangu, humo ndani kuna kazi za watoto wa watu. Usiiguse tena." Kwa miaka niliyofanya kazi hii, naweza kusema data nyingi zilizopotea mikononi mwa watu hazikupotezwa na kompyuta kuharibika. Zilipotezwa na jaribio la mwisho la mtu mwenye haraka.

Jioni ile binti mmoja, ambaye ripoti yake kijana wa dukani alikuwa ameichapa yote kutoka kwenye daftari, alikaa kwenye benchi la nje mpaka jua likazama, hasemi kitu. Mama alimnunulia chai na chapati. Hayo sikuyaona, niliambiwa, lakini nayataja kwa sababu ndiyo uzito wa kisa hiki. Kwa mwenye steshenari, laptopu si kifaa. Ni kabati alilokabidhiwa na watu.

Kompyuta iliyokuwa na jina la mtu mwingine

Alhamisi nilifika saa 8 mchana. Upepo wa Juni ulikuwa ukipiga, vumbi limejaa juu ya printa, na wameifunika laptopu kwa kitenge kama mgonjwa. Nikaisoma skrini taratibu. Chini ya sanduku la kuandikia ufunguo huwa pana utambulisho wa ufunguo wenyewe. Nikaandika herufi na namba nane za mwanzo kwenye karatasi. Bila hizo nane utakuwa unatafuta sindano kwenye pumba.

Kwanza nilirudisha BIOS ilivyokuwa. Kama kingekuwa kimebadilishwa hicho tu, mashine ingejifungua yenyewe, kwa sababu TPM hutoa ufunguo wa diski pale inapoona mashine inawaka kwa namna ile ile iliyoizoea. Lakini TPM ilikuwa imefutwa, na ufunguo uliokuwamo umekwenda nao. Ikabaki njia moja: nakala ya tarakimu 48.

"Mama, akaunti ya kompyuta hii ni ya barua pepe gani?"

"Kwani kompyuta ina akaunti?"

"Asubuhi ukiifungua, inaandika jina gani?"

Akalitaja. Lilikuwa jina la duka la yule muuzaji wa Dar. Kwa miezi minne mashine ilimkaribisha kila asubuhi kwa jina la mtu mwingine, naye akadhani ni nembo, kama ile ya nyuma ya skrini. Alikuwa anaingia kwa namba ya siri ya tarakimu nne aliyoandikiwa kwenye karatasi ya risiti.

Hapo kisa kizima kikanifungukia. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, ukiweka mfumo upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inafungwa yenyewe kwa usimbaji, yaani kilichomo hakisomeki bila ufunguo, kwenye mashine nyingi zaidi kuliko zamani, na nakala ya ufunguo inatumwa kwenye akaunti hiyo. Kama akaunti ni yako, hiyo ni kinga nzuri sana: laptopu ikikwapuliwa Jamatini, mwizi anapata chuma tu. Muuzaji alipoiandaa laptopu aliingia kwa akaunti ya duka lake, akaweka namba ya siri, akaifunga kwenye boksi. Diski ikafungwa siku hiyo. Ufunguo ukaenda kwake. Mama akalipa pesa yote, akapewa chaja na mfuko, lakini mwenye mashine, kwa macho ya mashine yenyewe, akabaki kuwa muuzaji.

Hakuwa tapeli. Nimekutana na wauzaji wengi wanaofanya hivyo, mjini hapa na kwingine, kwa sababu Windows 11 inaposakinishwa inadai akaunti, na kutumia moja kwa kila mashine kunaharakisha kazi. Hata hivyo ni kosa, na ni kosa kubwa. Ukimuuzia mtu nyumba ukabaki na ufunguo, huwezi kusema ulisahau.

Nne na nane

Tulimpata kwa simu saa 10 jioni. Redio ya duka la jirani ilikuwa ikirusha hotuba ya bajeti kutoka bungeni, ikabidi tuwaombe wapunguze sauti. Muuzaji akafungua akaunti yake, akashangaa mwenyewe: orodha ndefu ya funguo, kila mashine aliyowahi kuiandaa. Nikamsomea zile herufi nane. Akauona. Hakutaka kupiga picha ukurasa ule, kwa kuwa ulikuwa na funguo za wateja wengine, na nilimheshimu kwa hilo. Akasoma kwa mdomo, mimi nikaandika.

Ufunguo huja kwa makundi manane ya tarakimu sita sita. Tuliuandika wote, nikauingiza, ukakataa. Nikauingiza tena kwa uangalifu. Ukakataa. Kijana akasema labda ni wa mashine nyingine.

Kuna jambo ambalo fundi yeyote anapaswa kulijua: kila kundi la tarakimu sita kwenye ufunguo huu linagawanyika kwa 11 bila baki. Ndivyo ulivyotengenezwa, ili kosa la kuandika lijulikane. Nikamwambia kijana achukue kikokotoo cha kaunta, kile anachopigia hesabu za kopi, agawanye kundi moja moja. Makundi saba yakatoka kamili. La nane likagoma. Sitaandika ufunguo wa watu hapa, lakini nichukue mfano: 414704 ukiigawa kwa 11 inabaki 4. Tuliangalia wapi tumesikia nne. Kwa simu yenye mawimbi, nne na nane ni ndugu. Weka nane pale pa nne ya pili, 418704, na unapata 38,064 kamili. Tukampigia tena muuzaji kuthibitisha kundi hilo moja. "Nane," akasema, "si nilisema nane!"

Tarakimu ya mwisho ilipoingia, skrini ya buluu ikaondoka. Ikaja nyingine ikisema mabadiliko yanafutwa. Nikawaomba wote wakae. Dakika ishirini na tano baadaye ikatokea picha ya mlima na ziwa, na jina la duka la Dar.

Mama akaandika namba yake ya siri. Haikukubaliwa.

Folda tupu

Namba ile ya siri huwa inategemea TPM ya mashine hiyo hiyo. TPM ikifutwa, nayo inakufa, na mashine inadai nenosiri la akaunti. Nenosiri alikuwa nalo muuzaji, na safari hii alikataa kabisa kulitoa. Alikuwa na haki. Angetupa nenosiri, angetupa funguo za kila mtu aliyewahi kumuuzia.

Lakini ufunguo wa diski tulikuwa nao, na huo unatosha kuyafikia mafaili bila kuingia kwenye akaunti. Kwenye skrini hiyo ya kuingilia, shikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya, na mashine inakupeleka kwenye mazingira ya ukarabati. Ukichagua kufungua dirisha la amri, inadai zile tarakimu 48 kwa mara nyingine, kijana akanisomea. Kisha unaandika notepad. Programu hii ya kuandikia, ndogo kuliko zote, inawaka hata humo, na ukiiambia ifungue faili na ionyeshe mafaili ya aina zote, unapata dirisha linaloona diski nzima. Ukibofya kulia unaweza kunakili folda na kuibandika kwenye flashi.

Nikafungua folda ya mtumiaji. Nikafungua Desktop. Tupu.

Nakumbuka mama aliweka mkono kifuani. Nami nilinyamaza kidogo. Kisha nikarudi nyuma hatua moja nikaona folda ya OneDrive, ndani yake Desktop nyingine, na humo zikajaa: "WATEJA JUNI", "RIPOTI MWISHO", "RIPOTI MWISHO KABISA", vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, vitambulisho vya NIDA, barua za maombi ya kazi. Zote.

Nilifurahi, na papo hapo nikaelewa maana yake. Akaunti ikiingizwa kwenye Windows 11, mara nyingi huduma ya OneDrive inachukua Desktop, Nyaraka na Picha na kuanza kuzipandisha mtandaoni, kwenye nafasi ya bure ya GB 5. Akaunti ilikuwa ya muuzaji. Kwa hiyo tangu Februari, kila hotspoti ilipowashwa, bando la mama lilikuwa likiliwa kupandisha vitambulisho na ripoti za wateja wake kwenye akaunti ya mtu wa Dar ambaye naye hakujua. Nafasi ilipojaa mashine ikaanza kutoa onyo. Mama alilikumbuka: "Kumbe lile la kila siku! Mimi nilikuwa nalifunga." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa za watu, na steshenari inakusanya nyingi kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Tulimwomba muuzaji afungue OneDrive yake na kufuta kila kilichokuwa cha duka hili, pamoja na kilichobaki kwenye pipa la taka. Alifanya hivyo usiku ule ule, akatuma picha ya folda tupu.

Sasa kunakili. Mafaili yalikuwa GB 11. Notepad ikitumika hivi haionyeshi mstari wa maendeleo wala asilimia. Ukibandika, dirisha linaganda, halijibu, kana kwamba limekufa. Ishara pekee ni taa ndogo ya flashi. Nikamwita kijana akae kwenye stuli, nikamwonyesha taa ikipepesa.

"Hii ikiendelea kupepesa, kazi inaendelea. Usiguse kitu."

"Hata skrini ikiganda, kaka?"

"Skrini tayari imeganda. Tazama taa."

Akaitazama zaidi ya dakika arobaini na tano, mikono katikati ya magoti. Taa ilipotulia tukafungua flashi kwenye laptopu yangu. Faili la kwanza aliloomba nifungue ni ripoti ya yule binti wa benchi. Kurasa 58, zote zilikuwapo.

Ijumaa saa 2 asubuhi printa ilianza, na saa 9 alasiri walikuwa wamemaliza kubaindi ya mwisho.

Zizimwe zote?

Narudi kwa wanaosema apdeti zizimwe. Hofu yao haitoki hewani. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji, likasimamishwa ndani ya siku chache na kurudishwa Novemba. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikasimama. Mtu akiyajua hayo akasita kubonyeza, simlaumu.

Ila upande wa pili ni mzito zaidi. Kirusi cha WannaCry kilipoenea tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu kikidai fidia, dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha kwa wakati hakikuwapata. Na steshenari ndiyo njia panda ya flashi zote za mtaa. Kwa siku moja laptopu ile inachomekwa flashi za watu ambao hawajuani, kila moja ikitoka kwenye mashine nyingine isiyojulikana. Kama kuna kompyuta isiyopaswa kukaa bila masasisho hapa Dodoma, ni hiyo. Kwa hiyo nilipoulizwa na mama nizime, nilikataa, na nikamweleza sababu mpaka akaniambia ameelewa.

Nilichofanya ni kuyapangia siku. Windows 11 inaruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5, kwa hiyo wiki za ripoti na mitihani yanasimamishwa. Hotspoti ya simu nimeiwekea alama kuwa ni ya kulipia kwa kipimo, mashine isivute mzigo mkubwa kwa bando la kazi. Halafu Jumamosi moja kila mwezi, baada ya Jumanne ya pili kupita, laptopu inalala kwenye chaja nyumbani, imewaka, na bando la usiku. Siku chache hizo za kungoja nazo zina faida: sasisho likiwa na kasoro kubwa, mara nyingi huwa limeshajulikana.

Mashine yenyewe niliiweka upya kabisa, kwa barua pepe ya mama mwenyewe tuliyoifungua pamoja, nenosiri analijua yeye. Diski imefungwa tena, kwa kuwa ndivyo inavyopaswa kuwa, na safari hii ufunguo uko kwake. Tuliuchapa kwenye printa yake, nakala mbili. Moja iko nyumbani. Nyingine ameifunga kwa plastiki kwa mashine yake ya lamineti na kuiweka kwenye bahasha pamoja na leseni ya biashara na cheti cha TIN. Muuzaji wa Dar alinipigia wiki iliyofuata kuniuliza hatua za kuandaa laptopu bila kuacha akaunti yake ndani. Nilimsomea zote, naye akaandika.

Jumamosi ya tarehe 12 Julai, saa 4 na nusu usiku, nilipata ujumbe wa kijana: "Shikamoo kaka. Imefika 30 imesimama. Sijaigusa, nakaa nayo mbali." Nikamjibu alale. Saa 12 na robo asubuhi akatuma picha: skrini ya kuingilia, na juu yake jina la mama.